Usitupe Ganda la Rimu! Mambo Kumi ya Karatasi Inayoshona Shuka la Vipande

Kama umewahi kupita nyuma ya duka la fotokopi hapa Hombolo, umeyaona: maganda ya rimu za karatasi, yamefinyangwa, yanasubiri kiberiti. Mimi nikiyakuta hivyo roho inaniuma kama mtu anayeona ugali wa uwele unamwagwa. Lipindue ganda lile uone. Ndani kuna upande unaong'aa. Upande huo ukiupigia pasi juu ya kitenge, unashika. Ukimaliza kazi unaubandua, na kitenge kinabaki kama hakijaguswa na mtu.

Wenzetu Marekani wana karatasi yao ya namna hiyo, karatasi ya friza. Ilitengenezwa kwa kufungia nyama isikaushwe na barafu: upande mmoja ni karatasi ya kawaida, upande wa pili umepakwa utando mwembamba wa plastiki. Washonaji wakagundua kwamba utando ule ukipata joto unanata kwenye pamba bila kuacha alama, na roli ikatoka jikoni ikahamia kwenye meza ya cherehani. Huku kwetu nyama haikai sana hata ikahitaji karatasi ya friza. Mnada wa Msalato hapa Dodoma unajua inakoishia. Lakini ganda la rimu limetengenezwa kwa akili hiyohiyo, kwa sababu karatasi za kuchapia zinaogopa unyevu kama nyama inavyoogopa barafu.

Nikisema shuka la vipande nataja lile tandiko zito: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati blanketi au pamba, chini bitana. Kwenye kamusi utalikuta kwa jina la mfarishi. Haya, tuhesabu tukishuka, kutoka la kumi hadi la kwanza. La kwanza ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo usiruke foleni.

10. HALINA BEI

Hombolo iko kilomita 40 hivi kutoka Dodoma mjini. Tuna bwawa lililojengwa 1957, tuna mashamba ya zabibu, tuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na mtama, na tuna Chuo cha Serikali za Mitaa. Penye chuo pana mitihani, ripoti na fomu, na penye hivyo vyote pana rimu. Rimu moja ni karatasi 500, katoni moja ina rimu 5, na kila rimu imevaa ganda lake.

Mwombe mwenye steshenari kwa adabu, tena kabla hajafagia. Mwambie alifungue taratibu, aanzie kwenye gundi ya mgongoni, asilichane katikati kama biskuti. Ganda la A4 likifunguka lote unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 54 hivi, kubwa kuliko A4 mbili zilizolala bega kwa bega.

Chuoni wanafundisha mapato na matumizi. Fundi, hili ganda ni mapato matupu!

9. LINA USO NA MGONGO

Si kila ganda ni ndugu yetu. Yapo yaliyopakwa plastiki ndani, na hayo ndiyo tunayoyatafuta. Yapo yaliyovaa plastiki nje, yanameremeta upande wenye maandishi. Hayo pasi ikiyagusa yanafunga nayo ndoa papo hapo, na talaka yake utaitoa kwa kisu. Yapo pia ya karatasi tupu, hayo hata uyabembeleze hayashiki.

Kwa hiyo pima kwanza. Kata kipande cha upana wa vidole viwili. Kilaze upande unaong'aa juu ya kitambaa cha pamba usichokijali. Funika na kitambaa kingine chembamba, maana wino wa maandishi ya ganda unaweza kuhamia kwenye pasi. Gandamiza ukihesabu hadi tano, acha kipoe, kisha bandua. Kikishika, kikatoka kizima, na kitambaa kikabaki na rangi yake, umepata mali.

Karatasi ya kuokea keki isikudanganye. Imetengenezwa makusudi isishike. Karatasi ya nta inaacha doa la mafuta. Na mfuko wa plastiki usiutaje mbele yangu: serikali iliupiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na pasi ilikuwa imeshaupiga marufuku zamani.

8. HALIOGOPI UPEPO WA DODOMA

Anayeshona barazani Dodoma miezi ya kiangazi anajua ninachosema. Umepanga vipande vyako vizuri, vyekundu huku, vya bluu kule, upepo unakuja na vumbi lake, na vipande vinakwenda kumsalimia jirani.

Pini nazo ni msaada, sikatai. Ila pini inashika mahali inapoingia na inapotokea tu. Katikati kitambaa kinainuka kidogo, kinafanya mgongo, na mkasi ukipita juu ya mgongo ule unakata kitu tofauti na ulichopima. Karatasi iliyopigwa pasi inashika kila mahali kwa wakati mmoja, kama mlenda na ugali. Kitambaa kinatulia, kinakuwa na ubavu, na mkasi unafuata ukingo wa karatasi bila kubahatisha.

Upepo ukitaka kipande chako, utabidi uje na pasi yake.

7. HALIBAGUI PASI

Una pasi ya umeme? Zima mvuke, weka kitufe kwenye nukta mbili. Ukiona haishiki, panda hadi tatu. Una pasi ya mkaa? Karibu, kiti kipo. Subiri mkaa uvae majivu, usiwe unawaka mwekundu. Kung'uta majivu nje, mbali na kazi yako. Pitisha pasi kwanza kwenye gazeti: gazeti likigeuka rangi ya kahawia, ongea na wageni kidogo, moto bado mkali. Likibaki jeupe na ukisikia joto limepita hadi chini, anza.

Mambo matatu ya kushika. Kwanza, meza iwe ngumu, yenye shuka moja la pamba juu yake; kwenye godoro karatasi haishiki vizuri. Pili, gandamiza, usiburute; ukiburuta karatasi inatembea na kipimo kinatembea nayo. Tatu, kitenge kipya kifuliwe kwanza. Vitenge vingi vinatoka dukani na wanga, vinang'aa na kukakamaa. Wanga unazuia karatasi kushika, na kitambaa kikija kunywea baada ya kushonwa, shuka lako litajikunja kama jani kwenye jua la Oktoba. Pamba ndiyo inayopendana na karatasi hii. Poliesta inaogopa joto, kwa hiyo ipimie pembeni kabla hujaipa kazi.

Pasi ya umeme ina kitufe. Ya mkaa ina mwenye pasi, na mwenye pasi ana akili.

6. LINAUTULIZA MSHAZARI

Chukua kitenge mikononi. Kivute kwa urefu: kinakataa. Kivute kwa upana: kinakubali kidogo. Sasa kivute kwa mshazari, kutoka kona hadi kona: kinavutika kama stori ya abiria aliyekaa siti ya nyuma! Hiyo ndiyo tabia ya kitambaa kilichofumwa, na ndiyo inayowakatisha tamaa wengi wanaoanza kushona pembetatu.

Ukikata mraba ukaugawa kwa kona mbili, kila pembetatu inabaki na upande mmoja mrefu ambao ni mshazari. Ukiushika tu, umeshaongezeka. Ukiupitisha chini ya mguu wa cherehani, unaongezeka tena. Unafika mwisho wa mshono, upande mmoja umebaki kama ulimi nje, na unaanza kuilaumu cherehani ambayo haina kosa.

Karatasi inaukamata mshazari kabla haujapata wazo. Unapiga pasi, unakata ukiacha nafasi ya mshono ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi, kuzunguka karatasi yote, na unashona karatasi ikiwa bado imeshika. Sindano inapita kando kabisa ya ukingo wa karatasi, haiingii ndani yake. Ukingo unakuwa reli, na sindano inakuwa treni. Utaibandua karatasi mshono ukishakaa, na wakati huo mshazari umeshafungwa, hauna pa kwenda.

Chora na mshale mdogo kwenye kila kigezo, unaoonyesha uzi wa urefu upite wapi. Mshazari ukae ndani ya mchoro, pande za nje zifuate uzi. Mshale huo unaupiga mara moja, unakulinda mwaka mzima.

5. LINARUDI KAZINI KESHO

Mafundi wetu wana desturi nzuri ya kukata vigezo kwa magazeti, kaki na mifuko ya saruji. Naiheshimu, gauni nyingi za harusi zimetoka kwenye mfuko wa saruji. Lakini gazeti linaacha wino kwenye kitambaa cheupe, mfuko wa saruji una vumbi lake, na vyote viwili vinahitaji pini au chaki kila mara.

Ganda la rimu linabandika, linabanduka, linarudi. Karatasi moja inaweza kutumika mara tano, sita, hata zaidi, mpaka utando wake uchoke. Tupige hesabu ya kitanda cha futi nne kwa sita. Tuseme shuka liwe na sentimita 120 kwa 180, na kila mraba ukishashonwa uwe sentimita 15. Hiyo ni mistari 12 ya miraba 8, jumla 96. Ganda moja linatoa vigezo 6 vya sentimita 15. Maganda matatu yanatoa 18. Kila kigezo kikifanya kazi mara sita, umekwishapita 96 na una akiba.

Maganda matatu, shuka zima! Hapo steshenari haijauza hata katoni moja.

Uingereza walikuwa na njia yao ya zamani, ambayo bado inatumika: wanakunja kitambaa juu ya karatasi, wanakishikiza kwa uzi, halafu wanaunga vipande kwa mkono. Yapo mashuka ya zamani ambayo hayakumalizwa, karatasi zake zikabaki ndani: vipande vya barua, vya magazeti, vya daftari, na watafiti wanavisoma ili kujua shuka lilianza kushonwa lini. Kwa hiyo fundi, angalia unaandika nini kwenye vigezo vyako. Mjukuu anaweza kusoma.

4. LINABEBA RAMANI

Shuka la miraba mitupu linaweza kukumbukwa kwa kichwa. Lakini ukitaka nyota, mbuyu au samaki wa bwawani, vipande vinakuwa vingi na vyote vinafanana mezani. Hapo karatasi inakuwa ramani yako.

Chora picha nzima kwa ukubwa wake upande usiong'aa. Kabla hujaikata, fanya mambo manne. Vipe vipande namba. Andika rangi ya kila kipande. Chora mishale ya uzi. Halafu, na hili wengi wanalisahau, piga vistari vidogo vinavyokatiza kila mstari wa kuunga, kama vile mtu anavyotia alama kwenye vipande viwili vya mti kabla hajavitenganisha. Ukishakata, nusu ya kistari itabaki kwenye kipande hiki na nusu kwenye kile. Siku ya kushona unakutanisha nusu na nusu, na hata mstari uliopinda unakaa sawa.

Sasa sikiliza jambo la kugeuka. Karatasi inakaa upande wa ndani wa kitambaa, kwa hiyo picha itatoka nje ikiwa imegeuka kushoto kulia. Niliwahi kushona kambale kwa ajili ya kitanda cha mtoto. Nilitaka aogelee kuelekea mtoni, yaani kwenye mto wa kulalia. Akatoka anaelekea miguuni. Mtoto alifurahi sana, akasema samaki anakwenda kumwosha miguu. Mimi nilijifunza kuandika herufi F kwenye pembe ya karatasi kabla ya kuchora chochote, kisha naiinua karatasi mbele ya dirisha na kuitazama kwa upande wa pili. Hivyo F inavyoonekana ndivyo picha yangu itakavyokuwa. Kama sijaridhika, nachora upya nikiwa bado na penseli, si mkasi.

Kwenye vitenge vya waksi pande mbili zinakaribia kufanana. Weka alama ya chaki kwenye upande wa ndani, usiyategemee macho ya jioni.

3. LINAKUNJIKA MSTARINI

Hili ndilo ninalolionyesha watu wakishika vichwa. Kaa karibu, nikuonyeshe kwa mkono.

Umechora mchoro wako, wenye sehemu namba 1 hadi 6, kwenye karatasi moja. Usizikate sehemu hizo. Kunja karatasi kwenye kila mstari na uikande kwa kucha, kisha ifungue tena. Chukua kitambaa cha sehemu ya 1, kikubwa kuliko sehemu yenyewe pande zote. Weka upande wake wa ndani uelekee utando unaong'aa, piga pasi sehemu hiyo tu.

Sasa kunja karatasi kurudi nyuma kwenye mstari unaotenga 1 na 2. Kitambaa kinabaki kimejitokeza nje ya mkunjo. Kikate kibaki robo inchi. Chukua kitambaa cha sehemu ya 2, kilaze chini yake, nje kwa nje, kingo zikutane. Peleka kwenye cherehani. Shona ukipita kando ya mkunjo, karibu kabisa, lakini sindano isiguse karatasi. Toa. Fungua mkunjo, geuza kitambaa cha pili kikae juu ya sehemu yake, piga pasi. Kinashika. Nenda kwenye mstari unaofuata.

Ukifika namba 6 una mchoro mzima, mistari imenyooka kama barabara ya Singida, na karatasi haina tundu hata moja. Ibandue, itumie kwa mchoro wa pili, wa tatu, wa nne.

Linganisha na karatasi ya kawaida, ambayo unashona juu yake kisha unaichana. Unavuta, mishono inalegea. Unavuta tena, vipande vidogo vya karatasi vinabaki kwenye kona, na unatumia jioni nzima kuvitoa kwa sindano kama anayetoa miiba ya samaki. Ukikunja hakuna cha kuchana.

Cherehani ya miguu inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu unaongoza mwendo kwa nyayo zako. Ukikanyaga polepole, inashona polepole. Umeme ukikatika, wewe unaendelea.

2. LINA UKOO

Wapo wanaoniambia kuunga vipande ni mambo ya wageni. Kaeni, niwasimulie.

Kanga uliyojifunga ina historia ya kuungwa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mraba zilizochapwa zikiwa zimeshikana kwenye jora. Badala ya kukatiwa moja moja, walichukua sita, wakazigawa tatu kwa tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Neno leso lilitoka kwa Wareno, waliokuwa wakiita hivyo kitambaa cha mkononi, na Mombasa mpaka leo kanga ni leso. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri kuichapa nguo nzima bila mshono. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kwa hiyo kabla ya kiwanda kulikuwa na sindano ya mwanamke, na vipande sita.

Vuka bahari, uende jimbo la Karnataka nchini India. Huko wanaishi Wasiddi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamepelekwa Goa kama watumwa wakati wa Wareno. Wanawake wa Kisiddi wanashona tandiko la vipande wanaloliita kawandi. Wanatumia nguo zilizochakaa. Wanaanza ukingoni, wanazunguka wakielekea ndani, tundu kwa tundu kwa mkono, mpaka wanakutana katikati. Kwenye kona nne wanaweka vitambaa vilivyokunjwa, ambavyo kwa lugha yao ni maua. Hawatumii karatasi. Jicho na mkono vinatosha, na kazi yao inatazamwa kwa heshima na washonaji wa mabara mengine.

Nawataja kwa sababu mbili. Kwanza, ukishika vipande, umeshika kitu cha ukoo. Pili, karatasi si sharti. Kawandi inapendeza kwa vipande visivyolingana, kila kimoja na ukubwa wake. Karatasi unaihitaji pale unapotaka maumbo yalingane, nyota ya kumi iwe sawa na ya kwanza. Chagua unachokitaka, kisha uchague chombo.

Na ukikata kanga kwa ajili ya shuka, liache jina lake zima kwenye kipande kimoja. Jina la kanga likikatwa katikati linasema usichokusudia, na wifi atalisoma.

1. KONA ZINAKUTANA

Tumefika. Haya tisa yote yalikuwa njia. Nyumba ndiyo hii.

Shangazi yangu alikulia wakati ambao kiraka kwenye gauni kilikuwa taarifa ya hali ya nyumba. Mwaka mvua ikikataa, viraka viliongezeka. Nilipomwambia namshonea shuka la vipande kwa ajili ya baridi, maana usiku wa Juni na Julai huku Dodoma joto linashuka hadi karibu nyuzi 14, alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "unanishonea viraka?"

"Shangazi, nisubiri mpaka uone kona."

Nilijua anachoogopa, na nilijua alikuwa na haki. Kiraka kinawekwa pale tundu lilipochagua. Hakikupimwa kwa ajili ya jirani yake, kimekuja kuziba. Kipande cha shuka kimepimwa kwa ajili ya jirani zake wanne, na ushahidi wa kupimwa uko mahali pamoja tu: kwenye kona, pale vipande vinne vinapokutana kwenye nukta moja. Nukta ile ikipotea, macho yanaona viraka, hata kama kitenge ni cha bei ghali. Nukta ikikaa, macho yanaona kazi, hata kama vitambaa viliokotwa chini ya meza za mafundi wa Majengo pale mjini.

Na kona hazikutani kwa nia njema. Chukua lile shuka letu la miraba 96. Kila mraba ukizidi kwa milimita 2 tu, unene wa kiini cha penseli, mstari wa urefu, wenye miraba 12, unazidi kwa sentimita 2.4. Mstari wa jirani ukipungua kwa kiasi hichohicho, mkono wako utavuta, cherehani itakunja, na kona ya mwisho itakuwa imekosana na mwenzake kwa upana wa vidole viwili na ushee. Hapo hakuna aliyekosea sana mahali popote. Wote wamekosea kidogo, kila mahali.

Karatasi inazuia lile kidogo. Sasa kwenye kila kona nafanya hivi. Nachukua pini moja, naichoma kwenye pembe ya karatasi ya kipande cha juu, inatokea kwenye pembe ya karatasi ya kipande cha chini. Kama imetokea penyewe, nashikilia, nashona. Kama imetokea pembeni, nasogeza mpaka pembe zisalimiane. Mishono ya pande mbili naipiga pasi kwa kupishana, huu ulale kushoto, ule ulale kulia, ili ikutane kama vidole vya mikono miwili. Ninapobandua karatasi, kona imeshakaa. Sihitaji kuivuta, sihitaji kuiombea.

Nilimaliza shuka mwezi wa sita. Vipande nilivipata kwa mafundi, vya vitenge vya sare za harusi za watu nisiowajua. Katikati niliweka blanketi lake la zamani ambalo lilikuwa limebaki jembamba. Chini niliweka kanga mbili zilizoungwa. Nikampelekea jioni, kabla jua halijazama, maana nilitaka mwanga.

Hakulifungua kwa furaha. Alilitandaza kitandani, akalipindua kona moja, akaangalia ndani, akalirudisha. Kisha akaweka kidole gumba kwenye kona ya kwanza ambapo vipande vinne vinakutana. Akakisogeza hadi ya pili. Akakisogeza hadi ya tatu. Sikusema kitu. Shuka la miraba 8 kwa 12 lina kona 77 za namna hiyo, nimezihesabu mimi mwenyewe, na kila moja ilipita chini ya karatasi iliyokuwa ichomwe nyuma ya duka la fotokopi.

Alipofika katikati akaacha kutazama kwa macho, akawa anapapasa tu, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma. Taa ikawashwa. Chai ikaletwa, ikapoa. Akaendelea hadi ya mwisho, ile ya pembeni karibu na ukuta, ambako alilazimika kupiga goti ili aifikie.

Halafu akavua kandambili, akapanda kitandani, akajifunika hadi shingoni.

"Zima taa, mwanangu," akasema.